Kodi ni Moja, Kuhama ni Nyingine

Mwenye nyumba ametuma ujumbe jioni hii: mkataba mpya ukianza, kodi inapanda kwa sehemu ya kumi. Sababu hakutaja.

Nilianza papo hapo kutafuta nyumba nyingine. Zipo. Moja niliipenda sana, na kodi yake ni ndogo kuliko hata hii ninayolipa sasa. Kisha nikachukua karatasi, nikaandika kila kitu ninachotakiwa kukitoa kabla ya kukabidhiwa funguo. Kodi ya miezi kadhaa ya mbele. Amana. Ada ya dalali. Gari la kubeba vyombo. Kuunganishiwa intaneti upya. Na kwa kuwa amana niliyoweka hapa hairudi mpaka nimeshatoka na nyumba imekaguliwa, kuna kipindi nitakuwa nimeshikiwa amana mbili kwa pamoja. Nilipojumlisha, nikaona nafuu ya kodi ya kule ingenichukua zaidi ya mwaka kuifidia gharama ya kuhamia. Na fedha yenyewe ya kuanzia sina.

Sasa naelewa kwa nini ongezeko ni sehemu ya kumi na si nusu. Mwenye nyumba hana haja ya kujua mshahara wangu. Akijua tu kwamba kuhama kunagharimu zaidi ya anachoongeza, anajua nitakaa. Tukikutana wapangaji, tunalalamikia kodi ya mwezi, nami nalalamika kama wengine, lakini naamini kinachotunyima nguvu ya kujadiliana ni ile fedha ya kuingilia.

Washauri wa fedha hupenda kusema kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Kipimo hicho kina historia yake Marekani: mwaka 1969 Bunge liliweka kikomo cha asilimia 25 ya kipato kwa wapangaji wa nyumba za umma, na mwaka 1981 kikapandishwa hadi 30. Kilikuwa kinga ya watu wenye kipato kidogo ndani ya nyumba za serikali. Kumpimia nacho mtu anayehangaika kwenye soko huria la jiji kubwa ni kumwonea, maana hakihesabu amana wala dalali. Hakihesabu hata nauli, na nauli ndiyo inayowala wale wanaokimbilia pembezoni: kodi inashuka, halafu wanaamka usiku wa manane kuwahi basi, na jioni wanawakuta watoto wamelala.

Linalonipa moyo ni kwamba fedha hii ya kuingilia inaweza kupunguzwa kwa sheria. Ujerumani, amana haitakiwi kuzidi kodi ya miezi 3, bila kuhesabu gharama za huduma, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu 3. Tangu mwaka 2015, huko huko, dalali wa nyumba ya kupanga hulipwa na yule aliyemwita kazini. Uingereza nako, sheria ya mwaka 2019 iliwazuia mawakala kuwatoza wapangaji ada nyingi walizozoea kuwatoza, na amana kwa nyumba nyingi ikawekewa kikomo cha kodi ya wiki 5. Hatua hizo hazikuondoa ughali wa Berlin wala London. Lakini mtu ambaye amana yake inagawika mara tatu, na hadaiwi ada ya dalali ambaye hakumwita, anaweza kuondoka nyumba ikimshinda. Hilo kwangu si dogo hata kidogo.

Kesho nitamjibu mwenye nyumba. Nitamwomba aligawe ongezeko, nusu sasa na nusu mwakani, na nitamtumia risiti zangu zote aone kwamba sijawahi kuchelewesha kodi. Akikataa, nitasaini hivyo hivyo. Ila kuanzia mshahara ujao natenga kiasi cha kuhamia, hata kiwe kidogo, na sitakigusa kwa shida nyingine, ili mkataba utakaofuata nizungumze naye nikiwa na pa kwenda.