Nilivyozizoea herufi kubwa za Kiingereza

Mimi nilianza kuandika chuoni, yaani madrasa, kabla hata sijapelekwa skuli. Pale Wete, Pemba, tulianza na alifu, be, te, na herufi za Kiarabu hazina kubwa wala ndogo. Hubadilika sura tu zikikaa mwanzo, kati au mwisho wa neno. Skuli nikafundishwa A na a, lakini mkono wangu uliichukulia tofauti hiyo kama pambo.

Miaka ikapita bila ya mtu kunisema, mpaka nilipojiandaa na IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, ili niombe nafasi ya masomo ya nje. Nilimpelekea jirani yetu, maalim mstaafu, insha yangu ya utalii. Ilirudi imejaa miduara myekundu.

"Mwanangu, maneno unayo," aliniambia. "Lakini hii S ni kubwa au ndogo? Msahihishaji hatokuwepo hapa akuulize."

Kweli, c, s, o na w zangu zote zilikuwa kimo kimoja. Akanituma dukani ninunue daftari la darasa la kwanza, lile lenye mistari minne. Kila baada ya Alasiri nikajaza ukurasa: s ndogo isivuke mstari wa kati, P kubwa isimame juu ya mstari na p ndogo ishushe mkia chini yake. K ndiyo iliyonitesa zaidi, maana hata ndogo yake ni ndefu. Wiki tatu nzima, na wallahi vidole viliuma.

Kanuni zenyewe zilikuwa nyepesi kuliko mkono, isipokuwa I. Sisi tunasema "ninaamini", na ile "ni" imejificha ndani ya kitenzi, haina haja ya kujitukuza. Kwa Kiingereza I huwa kubwa popote ilipo, na mimi nilikuwa nimeshazoea i ya meseji za simu. Halafu kuna Indian Ocean kwa herufi kubwa, lakini ocean peke yake ndogo. Monday na July kubwa, summer ndogo.

Rafiki yangu alinishauri niandike kila kitu kwa herufi kubwa. Kwenye sehemu za mtihani za kusikiliza na kusoma inaruhusiwa, na huko nilifanya hivyo. Insha sikutaka: nilikuwa nimeuhangaikia mkono wangu, na nilitaka msomaji aone sentensi inaanzia wapi.

Siku ya mtihani, Dar es Salaam, niliandika kwa kalamu ya risasi. Insha, ambayo ni kazi ya pili ya sehemu ya kuandika, hushauriwa ipewe kama dakika 40, na iwe na maneno yasiyopungua 250. Nikabakisha dakika tatu za mwisho kwa ukaguzi. Kwanza kila nukta na herufi inayoifuata, kisha kila I, mwisho majina. Nikaikuta "english" moja na "i" mbili, nikazifuta nikaziandika upya.

Alama niliyoihitaji niliipata. Daftari lilibaki na kurasa tisa. Analitumia mdogo wangu wa Kidato cha Nne, na kila jioni namkagua kwa wino mwekundu.