Besi ikitoka mbele

Arua, Uganda, Jumamosi usiku

Umeme umerudi saa nne hii na vidole bado vinaniuma. Leo nimepiga solo mbele ya watu kwa mara ya kwanza, na nimeipiga kwa gitaa la besi.

Aliyekulia kwenye bendi anajua mgawanyo: kuna solo, kuna ridhimu, halafu kuna sisi wa besi, tunaosimama nyuma karibu na ngoma. Kiongozi wa bendi yangu ya kwanza alikuwa akinikaripia nikipanda kwenye noti za juu: "We kijana, besi ni msingi wa nyumba. Umeona wapi mtu akiwaonyesha wageni msingi?" Nikanyamaza miaka.

Kisha rafiki akanipa albamu ya mpiga besi Mmarekani Jaco Pastorius ya 1976. Inaanza na "Donna Lee", kibao cha bibopu (jazi ya mwendo wa kasi) ambacho Charlie Parker alikirekodi kwa saksafoni mwaka 1947. Kwenye kibao hicho Jaco hana saksafoni wala piano. Ni besi na tumba za Don Alias, basi. Besi inaimba melodia yote, pumzi na mikato yake ni ile ile ya mpuliza saksafoni. Nilirudisha mara tatu nikiwatafuta wapigaji wengine.

Jaco aling'oa vile vyuma vya shingoni mwa besi yake, akaziba mianya, akapaka gundi ngumu ya maboti. Mimi nami nikachukua koleo na vanishi ya fundi seremala. (Besi yenyewe ilikuwa ya bei poa, msinililie.) Shingo isiyo na vyuma haina huruma: kidole kikikaa milimita mbili nyuma, sauti inalia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba. Lakini kidole kikifika, unaweza kuivuta noti polepole mpaka ikaongea.

Wale wanaochapa waya kwa dole gumba kwa kasi ya cherehani siwachukii, ila hawanitoi machozi. Mpiga besi Richard Bona wa Kamerun ananitoa. Anaimba kwa Kiduala huku vidole vikimjibu, na hujui nani kati yao anaongoza.

Leo basi, harusini, nikapanda. Nilipofika juu nikasikia shimo chini yangu, maana niliyekuwa nashika pale chini ni mimi. Mpiga kinanda akawahi kuziba kwa mkono wa kushoto, Mungu ambariki. Nikaanza kuivuta ile noti ninayoipenda, umeme ukakatika. Nikabaki na ubao wenye waya nne.

Mzee mmoja wa Nebbi alikuwa pembeni na wenzake wa adungu, kinubi cha huku kwetu, wakingoja zamu yao. Hakuuliza. Akaikumbatia ile adungu kubwa, akaanza. Wale wa adungu ndogo wakamfuata, wakikimbia juu kwa juu, lakini nilitazama miguu ya akina mama: yote ilikuwa inamsikiliza yeye. Anashika chini, halafu anachomoza na kipande cha wimbo, anarudi kabla pengo halijasikika. Nilikaa kwenye kreti ya soda, besi mapajani, nikihesabu anavyotoka na anavyorudi. Hakai huko juu zaidi ya mapigo manne.

Wakati wa kufunga vyombo akanijia.

"Mwanangu, pale juu ulikuwa unakwenda wapi?"

"Hata mimi sijui, mzee."

"Ehe," akasema, akaniomba nimshikie adungu apande bodaboda.