Jinsi nilivyoifanya pikapu yangu ibebe mzigo bila kukaa chini nyuma

Kila nilipopakia mifuko 16 ya saruji, yaani kilo 800, pikapu ilikaa chini nyuma. Taa ziliangaza juu ya miti, usukani ukawa mwepesi mno, na kila shimo ekseli iligonga chasisi kwa kishindo.

Tuliongeza bamba moja nene kwenye springi za nyuma, kila upande, pamoja na yubolti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) mpya ndefu zaidi, kwani za zamani zikishavutika hazifai kurudishwa, na shokabu mpya. Gari likasimama sawa.

Ila breki za nyuma zikawa hazishiki! Hilo lilinitisha kuliko mzigo wenyewe. Kumbe kuna vali ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa kifimbo. Nyuma ikiinuka, vali huchukulia gari ni tupu na kupunguza presha. Fundi alirekebisha kifimbo kulingana na kimo kipya, breki zikarudi. Tafadhali usisahau kukikagua.

Matairi yalikuwa na alama ya uwezo wa kubeba 112, yaani kilo 1,120 kila moja. Nikaweka ya 121, kilo 1,450. Uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao cha gari haukubadilika, nami siuzidishi: springi haziongezi nguvu ya chasisi.