Derartu Tulu na zile sala zetu za kuangusha watu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii ni Mithali 24:17, "Usifurahi, adui yako aangukapo, wala moyo wako usishangilie ajikwaapo." Huu mstari tunaupita haraka sana, nadhani kwa sababu unatugusa pabaya, maana siku hizi ukienda mkesha sala nyingi ni za kuangusha watu tu, huyu aanguke, yule ashindwe, anayeshindana na mimi asifike popote, na kanisa zima linaitikia ameeen!

Leo nimewaletea dada mmoja wa Ethiopia, Derartu Tulu, mkimbiaji wa mbio ndefu. Kazaliwa 1972 huko Bekoji, mji mdogo wa Arsi kwenye nyanda za juu, baridi na hewa nyepesi, mji ambao umetoa mabingwa mpaka unajiuliza wale watu wanakula nini, Kenenisa Bekele katoka hapohapo, Fatuma Roba hapohapo, Tirunesh Dibaba naye hapohapo, na huyo Tirunesh ni binamu yake Derartu.

Twende Barcelona 1992, fainali ya mita 10,000 wanawake. Derartu ana miaka 20 tu. Mbele kuna Elana Meyer wa Afrika Kusini, mzungu, kachomoka na spidi yake na wenzake wote wameachwa isipokua huyu binti wa Bekoji ambaye kamganda nyuma, raundi inaisha inakuja nyingine bado yupo tu nyuma yake. Ilipofika raundi ya mwisho Derartu akafyatuka, akakata utepe kwa dakika 31 na sekunde 6, Meyer akafika kama sekunde 6 baadaye. Hapo ndo akawa mwanamke wa kwanza mweusi kutoka Afrika kuchukua dhahabu ya Olimpiki.

Sasa angalieni kilichofuata. Alimsubiri mwenzake afike, wakakumbatiana, wakashikana mikono wakazunguka uwanja pamoja wakipungia watu. Kwa sisi wa leo inaweza kuonekana kawaida tu ila kumbukeni ilikua 1992! Afrika Kusini ilikua haijashiriki Olimpiki tangu 1960 kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, uchaguzi ambao watu weusi walipiga kura ulikua bado, ulikuja 1994, na Ethiopia yenyewe ilikua imezisusia Olimpiki za Los Angeles na Seoul, kwaiyo hawa wawili wote walikua wanarudisha nchi zao kwenye mashindano. Mweusi na mzungu, Waafrika wote, wameshikana mikono dunia nzima inaangalia. Na hakuna aliyewapanga, hapakua na hotuba wala kamati ya maridhiano, ni mabinti wawili wamechoka wanahema.

Nisieleweke vibaya hapa. Derartu hakumwachia Meyer ashinde. Alimkimbiza haswa, alimpita pale panapouma, kwenye raundi ya mwisho. Kuna watu tukisikia habari za upendo tunafikiri ni kua mlegevu, usigombee cheo, usifungue duka pembeni ya duka la mtu, hapana, Paulo mwenyewe kwenye 1 Wakorintho 9:24 anasema wote wanapiga mbio ila apokeaye tuzo ni mmoja, afu anaongeza "Pigeni mbio namna hiyo, ili mpate." Kazana upate. Ila kumtaka mwenzako aanguke ndo habari nyingine kabisa.

Atlanta 1996 alikua wa nne, hakupata hata shaba, mnaopenda ushuhuda wa ushindi tupu mvumilie hapo. 1998 akajifungua mtoto wa kike, na 2000 Sydney akarudi akachukua dhahabu ya mita 10,000 tena. 2001 akashinda marathoni ya London. Athens 2004 shaba. Baada ya hapo wengi walishamhesabu kama mstaafu.

Afu ikaja New York, Novemba 1, 2009. Derartu ana miaka 37. Anayetazamiwa kushinda ni Paula Radcliffe wa Uingereza, mwenye rekodi ya dunia wakati ule, na New York alikua ameshashinda mara tatu. Siku hiyo mguu ukamsumbua, akaanza kuachwa na kundi la mbele. Kwa akili zetu za mkesha hapo si ndo Bwana kajibu? Mpinzani mkubwa kaumia, kimbia dada! Lakini ilivyosimuliwa baada ya mbio, Derartu aligeuka akamhimiza aje, asikate tamaa, waende pamoja. Mtu uko katikati ya marathoni, pumzi yako mwenyewe unaihesabu, unaitumia kumtia moyo mtu ambaye akipona atakupokonya ushindi. Mi hapa huwa nabaki nimeduwaa.

Paula alijaribu mguu ukakataa, akamaliza wa nne. Derartu akashinda kwa saa 2:28:52, Muethiopia wa kwanza mwanamke kushinda New York. Na tafadhali msiigeuze hii kua fomula, kwamba ukimtia moyo mpinzani basi Mungu anakulipa kombe. Angeweza kabisa kupitwa na yule Mrusi Ludmila Petrova aliyefika sekunde 8 tu nyuma yake, na lile neno alilomwambia Paula lingebaki jema vilevile.

Najua kuna atakayeniambia mbona Daudi kwenye Zaburi aliomba maadui zake waangamie. Kweli aliomba. Ila maadui wa Daudi walikua wanamfuata na mapanga, Sauli alimrushia mkuki. Wewe adui yako ni nani? Ni mama anayeuza vitenge kama unavyouza wewe, ni mwenzako ofisini ameomba nafasi ileile, ni yule wa kwaya aliyepewa solo. Huyo si Sauli jamani, huyo ni mkimbiaji mwenzio tu.

Kwaiyo wiki hii naomba tufanye kitu kimoja, kila mtu amchukue mpinzani wake mmoja, yule ukisikia amekwama moyo unafurahi kidogo kwa siri (tunajuana), umwombee kwa jina afanikiwe katika jambo lilelile mnalogombania. Msiandike majina hapa kwenye grupu, wengine mnagombania wateja walewale na wote mmo humu. Jumatano tunakutana kwa maombi saa moja jioni kama kawaida, tutasoma Wafilipi 2 yote, mje mmeshaipitia.