Ombeni na betri ya Noah

Maneno ya yule fundi bado yananichoma, na wala hayakusemwa kwangu. Aliambiwa Ombeni, mdogo wangu, aliyefunga betri mpya kwenye Noah ikakataa kuwaka, mbele ya wateja na bodaboda wote wa pale Majengo.

"Nani kafunga betri hii?"

"Mimi, kaka. Nimefuata ile ya zamani ilivyokaa."

"Kasome kwanza, ndiyo uguse magari ya watu."

Wakacheka. Mdogo wangu akainamia ndala zake. Baba kastaafu Ijumaa, mahari ya Neema imepokelewa Jumamosi, watu wamekula wakasaza, mimi kichwani nina hilo jibu tu: nimefuata ile ya zamani ilivyokaa. Mbona hakuna aliyelisikia? Fundi alishatamka kwamba kontroli boksi, ile kompyuta ya gari, imeungua, tutafute nyingine, na mita ya kupimia umeme hakuigusa.

Jana nikaitoa betri ya zamani nyuma ya banda la kuku, nikaifuta kwa tambara. 55D23L. Nikafungua boneti: mpya ni 55D23R. Herufi moja hiyo inageuza pande, chanya ya hii inakaa ilipokuwa hasi ya ile. Muuzaji ndiye aliyetupa isiyo yake! Na nyaya zote mbili za Noah zimeshakuwa nyeusi kwa grisi na vumbi, nyekundu huioni mpaka ukwangue. Kilichobaki cha kumshtua mtu ni unene, maana nguzo ya chanya huwa nene kuliko ya hasi. Na Ombeni alisema siku ileile kwamba kichwa kimoja cha waya kinagoma kuingia na kingine kinapwaya. Kile kilichogoma alikipanua kwa bisibisi.

Leo kaja mzee mmoja wa Pasua, fundi umeme wa siku nyingi. Hakuuliza nani kafunga. Alimpa Ombeni mita ashike, wakaanzia kwenye fyuzi kuu, ile ya 100A inayofungwa kwa nati. Imekatika katikati, ukingo umeingia weusi. Wakaweka nyingine, na betri ya L niliyokwenda kubadilishiwa asubuhi, gari likawaka palepale na kontroli boksi ileile. Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka.

Taa ya betri tu ndiyo haizimi.

"Soma wewe," mzee akamwambia.

"Kumi na mbili nukta tatu."

"Injini ikiunguruma ingefika kama kumi na nne. Hapo zimekufa dayodi, vile vipande vya kupitisha umeme upande mmoja tu, ndani ya oltaneta inayochaji betri. Ukigeuza betri, umeme unapita humo moja kwa moja."

Kesho wanaishusha oltaneta, na mzee kataka Ombeni awepo. Kajibu "ndiyo, mzee" kwa sauti ambayo sijaisikia wiki nzima.

Sasa ni bibi. Hapokei simu tangu asubuhi, Kibosho mvua imenyesha usiku kucha, na ng'ombe wake yuko karibu kuzaa. Kama kuna anayepanda huko jioni hii, naomba apite kwake.