Mafuta ya kivumbasi, ya kivumbasi kipi?

Mtu akiniambia, "Dada, nipe mafuta ya kivumbasi," namuuliza kwanza anayatakia nini. Wengine hukereka, wanaona nawapotezea muda. Lakini hiki kivumbasi kikubwa kinachojiotea kando ya njia, ambacho vitabuni ni Ocimum gratissimum, hakina mafuta ya aina moja. Kuna miche iliyojaa yujenoli, kitu kilekile kinachoipa karafuu harufu yake. Mingine imejaa thaimoli, na ukinusa utadhani dawa ya kusukutua. Kwa macho hutofautishi. Mche umerithi hivyo, kisha jua, mvua na umri wa jani vinaongeza au kupunguza. Ndiyo maana sikati kabla ya kuponda jani na kunusa.

Kazi yenyewe ni pipa, majani, maji na moto. Mvuke unapasua vifuko vidogo vilivyo juu ya jani na kuyabeba mafuta. Yujenoli peke yake huchemka kwenye nyuzi 254, lakini ikiandamana na mvuke hutoka hata nyuzi 100 hazijafika. Hilo nikilieleza, naonekana mwongo.

Anayenisumbua hasa ni ndugu wa kivumbasi hiki, Ocimum kilimandscharicum, mwenye kafuri nyingi. Kafuri haikubali kubaki maji. Ikikuta bomba la kupoozea mvuke lina baridi sana, inaganda humo ndani, vipande vyeupe kama chumvi ya mawe, na njia inaziba. Pipa la mvuke usio na pa kutokea si la kuchezea! Napunguza maji ya baridi, bomba linapata joto kidogo, kafuri inaachia.

Wenzetu wa kikundi cha Muliru, kando ya msitu wa Kakamega, Kenya, wanaulima mmea huohuo badala ya kuuvamia msitu, wanatengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Ikweta, ile ya Umoja wa Mataifa kwa jamii zinazotunza mazingira. Walistahili.

Sasa, kuna mama alitaka matone mawili ya haya ya kafuri amtilie mwanawe kwenye uji, eti kifua. Nilikataa kumuuzia. Kafuri ikimezwa, hata kidogo, inaweza kumtia mtoto degedege. Akaniambia, "Lakini si ni majani tu?" Nikamwelekeza zahanati, na tangu siku hiyo kila chupa yangu ina karatasi: kafuri, yujenoli au thaimoli, na chini yake, kwa wino mwekundu, "Si ya kunywa."