Ninja Iliyoota Mvi

Niliiangusha pikipiki yangu, Ninja, siku ya tisa tangu niinunue, na niliiangusha ikiwa imesimama. Sikuwa kwenye kona, sikukwepa mbuzi, wala hakukuwa na lori. Nilikuwa kituo cha mafuta upande wa Sanawari, nimeshajaza, nimeshalipa, nikaweka mguu wa kushoto juu ya dizeli iliyomwagika. Mguu ukateleza, na kilo zipatazo 170 zikanilalia taratibu kama mzee anayejinyoosha mkekani. Bodaboda waliokuwa kijiweni ng'ambo ya barabara wakaja kuniinulia. "Pole bro," mmoja akasema, akiipangusa siti kwa kiganja. "Dude zito hili." Alinihurumia kweli, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma kuliko goti.

Ilikuwa Kawasaki Ninja 250R, ya kijani, ya mkono wa tatu. Anayeijua pikipiki hiyo anajua si kubwa: injini ya cc 249 tu. Lakini ina silinda mbili, na alama nyekundu kwenye mita ya mizunguko inaanzia 13,000, kwa hiyo ukiivuta inalia sauti ambayo Boxer na TVS za mjini hazina. Arusha ya mwaka 2014, karani wa hesabu kama mimi kupita Mnara wa Saa na kitu kile ilikuwa ni kutangaza. Nilikuwa nimeweka akiba miaka mitatu. Mama alijua nanunua kiwanja.

Kava la kushoto lilipasuka ufa wa urefu wa kiganja, ncha ya mkono wa klachi ikakatika, na mkwaruzo ukapita kutoka taa hadi karibu na goti. Kava jipya lilikuwa la kuagiza, la kusubiri miezi. Nami nilikuwa na wiki tatu tu. Dada yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa anaagwa kwenda kuolewa, sherehe ikiwa Kibosho Jumamosi ya Aprili 26, siku Muungano ulipotimiza miaka 50. Kwaresima ilikuwa imekwisha, na Moshi nzima ilikuwa inaozesha na kuoana. Ukoo wote ungekuwepo. Nilishawatumia picha za pikipiki, kila mtu, mpaka shangazi wa Rombo ambaye simu yake haifungui picha.

Basi nikatangaza kwamba nairemba. Neno zuri hilo. Hakuna aliyeniuliza naremba nini kwenye kitu kilichotoka kiwandani kikiwa kimerembwa.

Niliipeleka Unga Limited kwa fundi rangi mmoja, kijana mwembamba aliyekuwa anazungumza na plastiki kuliko na wateja. Alifungua kava, akaligeuza, akanionyesha herufi ndogo zilizobanwa kwa ndani: ABS, jina la aina ya plastiki. "Bahati yako," akasema. "Ingekuwa ile plastiki ya ndoo, hakuna kitu kingeshika." Nilikaa pale nikimwangalia asubuhi nzima, na nakiri ni moja ya asubuhi nzuri nilizowahi kupoteza. Alikata kipande cha wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu, akakilaza juu ya ufa kwa upande wa ndani, halafu akakizamisha kwenye plastiki kwa kile chuma cha moto cha kulehemia nyaya, kidogo kidogo, mpaka wavu ukamezwa. Kwa upande wa nje alichukua vipande vya plastiki vilivyobaki, akavitia kwenye kikopo cha asetoni, ile ile wanayofutia rangi ya kucha saluni. Baada ya saa kadhaa vikawa uji mzito. Akaupaka kwenye ufa kama mtu anayeziba mtumbwi. Ulipokauka, hapakuwa na gundi pale: ilikuwa plastiki ile ile imeungana upya. Akapitisha msasa mkavu, akaja msasa wa maji, na kidole changu hakikuweza tena kuupata ufa.

Tungeishia hapo. Angerudishia kijani kwenye sehemu ile, ningemlipa, tungeagana. Mimi nikasema nataka nyeusi, pikipiki nzima.

Fundi akaangalia lile kijani. "Hii ndiyo rangi yao," akasema. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kawasaki walianza kuipeleka rangi hiyo mashindanoni mwaka 1969, kule Daytona, Marekani, na imebaki kitambulisho chao mpaka leo. Mtu akiiona kwa mbali hahitaji kusoma jina kwenye tangi. Lakini mimi nilikuwa nimeona Ninja nyeusi mtandaoni yenye mistari ya dhahabu kwenye rimu, na zaidi ya hapo, nyeusi ingekuwa pikipiki nyingine. Ile ya kijani ndiyo iliyoanguka Sanawari.

Likaja suala la aina ya rangi. Kulikuwa na 2K, inayochanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha, ghali, inayotaka muda na chumba kisafi. Na kulikuwa na NC, ya bei nafuu, inayokauka ukimaliza kunywa chai. Bajeti yangu ilikuwa ya chai. Fundi akaniambia wazi: "Mvua hizi, NC itatusumbua. Subiri hata siku mbili jua litoke." Yeyote aliyekaa Arusha mwezi wa nne anajua jua hilo. Meru ulikuwa haujaonekana wiki nzima. Nikamwambia apulize.

Akapuliza. Dakika kumi za kwanza nilitaka kulia kwa furaha. Ilikuwa nyeusi kama kioo cha usiku. Kisha, mbele ya macho yetu, kikapanda kitu kama pumzi juu ya kioo, weupe wa maziwa, kikaanzia kwenye tangi kikatambaa mpaka mkiani.

"Imeota mvi," fundi akasema.

Akanieleza akiwa ameshika kiuno. Tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, inakimbia haraka kutoka kwenye rangi, na inapokimbia inaupoza uso wa rangi. Hewa yenye unyevu ikigusa pale pa baridi, maji yanatua na kunaswa ndani. Dawa yake ni kungoja hewa ikauke, upulize tena kwa tina inayochelewa. Ilikuwa Alhamisi jioni. Nikamuuliza kama stika zinashika juu ya mvi. Akanitazama kwa muda. "Stika inashika popote," akasema.

Usiku ule nilibandika kila kitu nilichokipata mjini: mistari ya dhahabu kwenye rimu, miali ya moto kwenye mkia, na ubavuni kushoto, juu kabisa ya mahali pa ufa, namba 46 kubwa ya njano, ile ya Valentino Rossi wa mashindano ya pikipiki. Rafiki yangu mmoja aliyekuja kuniangalia alisimama akaisoma. "Lakini Rossi yuko Yamaha," akasema. Nikamwambia ashike tochi vizuri.

Ijumaa zikaja taa. Nilitoa indiketa za balbu nikaweka za LED, nyembamba kama kidole. Halafu nikakata madigadi ya nyuma. Kwa wasiojua: kwenye kila pikipiki ya namna hii kuna ulimi mrefu wa plastiki nyuma, umebeba namba na taa zake, na kila kijana anayeinunua anauona kama mkia wa mbuni. Niliukata kwa msumeno wa chuma, namba nikaikunja chini ya siti. Kwa nyuma ilipendeza mno. Hilo silikatai hata leo.

Jumamosi alfajiri nikaondoka na bahasha ya michango ya ndugu wa Arusha kifuani, shati jeupe la sare chini ya jaketi. Tengeru nikaongeza mafuta. Kijana wa pampu alipochomoa bomba, matone matatu yakateremka juu ya tangi, nikayafuta kwa kitambaa kama kawaida. Kitambaa kikatoka cheusi. Petroli ni ndugu wa tina, na rangi ya NC haina ubishi mbele ya tina. Palipopita matone pakabaki michirizi mitatu, na chini yake kijani kikichungulia. Nililaza glovu juu ya tangi nikaendelea na safari, kana kwamba kuna mtu angeamini naendesha huku glovu zangu zimepumzika.

Kikatiti nikasimamishwa. Alikuwa trafiki wa kike, makamo, mwavuli mkono mmoja.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Washa indiketa ya kushoto."

Nikawasha. Akaitazama, akainama karibu zaidi.

"Kijana, hii indiketa yako ina degedege?"

Ilikuwa inapepesa kasi ya ajabu, haihesabiki. Flasha ya zamani inahisi umeme unaopita. Balbu ya kawaida inakula wati 10, hizi zangu zinakula moja au mbili, basi flasha inadhani balbu imeungua na inapiga kelele kwa njia pekee inayoijua. Nilikuja kulijua hilo baadaye, kwa fundi umeme aliyenibadilishia flasha kwa dakika tano. Siku ile nilimjibu afande kwamba ni ya kisasa. Akazunguka nyuma kutafuta namba, akaikuta amechuchumaa. Nilipomwambia naenda kumuaga dada yangu Kibosho, aliniachia kwa sharti kwamba namba ishuke mahali macho ya binadamu yanafika. Tulitumia waya wake mwenyewe, uliokuwa umefunga kibao cha ukaguzi.

Mvua ilikatika Boma Ng'ombe. Nilipofika Moshi mjini nilifanya kosa la mwisho la ulimbwende: nikavua jaketi, nikalifunga juu ya tangi kufunika michirizi, ili Kibosho waone sare ikiwa imenyooka. Kisha nikapanda.

Lami ilipoisha niliingia njia ya migombani, udongo mwekundu umeloa, tairi la nyuma likichota na kurusha. Sikuhisi kitu, labda ubaridi kidogo mgongoni. Niliingia uani kwa baba mkubwa kwa mwendo wa pole, silinda zote mbili zikiimba, watoto wakikimbia pembeni, akina mama wakapiga vigelegele chini ya turubai. Nikashuka, nikageuka kuweka helmeti kwenye siti. Vigelegele vikakatika. Shangazi wa Rombo ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Baba, nani kakuchapa?"

Kulikuwa na mstari mmoja mwekundu, mpana kama mkono, kutoka mkanda wa suruali hadi kisogoni. Kumbe ndiyo kazi ya ule ulimi wa plastiki nilioukata: kuzuia tope. Nilimuaga dada nikiwa nimevaa koti la marehemu babu, linalonukia naftalini, na kwenye picha zote nimesimama safu ya nyuma.

Wakati ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inaingizwa, watu wamesimama wanacheza, nilisikia kitu kikianguka nje. Sauti hiyo ukishaisikia mara moja huhitaji kuambiwa. Uwanja ulikuwa umelowa. Stendi ya pembeni, yenye kikanyagio kidogo kama sarafu, ilikuwa imezama polepole kama msumari kwenye siagi, na Ninja ikalala tena upande ule ule wa kushoto. Nikaikuta na baba mkubwa, baba wa bibi harusi, ameshafika kabla yangu, suti yake na miwani yake, kainama.

Alikuwa bwana shamba wa kahawa kwa miaka mingi, akizunguka vihamba kwa Honda 110. Tukaiinua pamoja. Namba 46 ilikuwa imechubuka nusu. Baba mkubwa akashika kona ya stika akaivuta, ikatoka pamoja na rangi nyeusi na mvi zake zote, chini yake kukiwa na kijani, na kwenye kijani, ule mshono wa Unga Limited ukiwa mzima. Kava lilikuwa limepasuka pembeni yake, si juu yake.

"Hapa palianguka lini?"

"Zamani kidogo, baba mkubwa."

"Ikiwa mwendo?"

Nikanyamaza. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Mimi Honda ilinilalia mbele ya wakulima arobaini," akasema. "Nilikuwa naenda kuwafundisha kupogoa."

Akaenda stoo, suti na yote, huku ndani wakimtafuta aje kumlisha binti yake ndafu. Akarudi na kibao cha mgrevilea, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa tundu na kufungwa kamba. Unakiweka chini ya stendi. Ukishapanda, unavuta kamba bila kushuka. Upande mmoja kilikuwa na shimo dogo lililochimbwa na stendi ya Honda kwa miaka hiyo yote, na stendi ya Ninja ikakaa mle ndani vizuri.

Kesho yake, kabla sijaondoka, alinifungia nyuma kipande cha dumu la mafuta ya kula kwa waya, kikiwa bado na picha ya alizeti. Niliendesha nacho mpaka Arusha, na masika yote mpaka yakaisha. Rangi ya kijani niliirudisha Septemba, kwa 2K, jua likiwaka, kwa fundi yule yule, ambaye hakuniuliza kitu.

Pikipiki niliiuza mwaka 2017. Kibao ninacho mpaka leo. Kinazuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo.